Sisi wa Buyenzi

Ukimuuliza Mrundi wa mashambani anatoka wapi, atakutajia mkoa, halafu komini, halafu mlima wake. Ukimuuliza mtu wa Bujumbura, atakutajia kartiye na kunyamaza, maana kwake hapo amemaliza. Musaga. Kinama. Ngagara. Nyakabiga. Kila jina lina sifa zake na kesi zake. Mimi ni wa Buyenzi, na kwetu hata kartiye haitoshi: lazima utaulizwa ni avenyu ya ngapi.

Naandika haya kwa sababu mbili. Ya kwanza, kundi letu hapa Nakivale tulikubaliana kila mmoja aandike kuhusu mji wake. Wakongomani wameshaandika Bukavu na Uvira mpaka tumechoka (natania ndugu zangu, endeleeni), na sisi Warundi tumekaa kimya kama vile hatukuwa na mji. Ya pili ni ya nyumbani kwetu. Mjomba wangu aliyebaki Buja amempigia mama simu. Amepata mtu wa kununua lupango la familia na anataka jibu haraka, kwa sababu mnunuzi naye ana pesa mkononi na viwanja vingine vya kuangalia. Tangu simu ile, kila usiku tunazungumza Buyenzi, na anayezungumza zaidi ni bibi. Ana miaka mingi, siku nyingine ananiita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Kwa hiyo nimechukua daftari.

Nianze na swali ambalo watu wengi hapa wananiuliza: inakuwaje wewe ni Mrundi na Kiswahili ni lugha yako ya kwanza? Wakongomani wanafikiri ni mwenzao ninayejificha. Warundi wenzangu kutoka mashambani wananisikiliza Kirundi changu na kucheka.

Jibu liko kwenye ziwa. Kabla ya Mzungu kuweka bendera, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameshafika Ujiji, na kutoka Ujiji walivuka ziwa kwenda Manyema, upande ambao leo ni Kongo. Walitafuta pembe za ndovu, na waliuza watu pia, hilo tusilifiche. Pamoja nao walitembea wapagazi, askari, wapishi, mafundi, wake na watoto, watu wa makabila mengi waliounganishwa na lugha moja na, wengi wao, dini moja. Burundi yenyewe ilikuwa ngumu kuingia. Mfalme Mwezi Gisabo hakuwataka, na Rumaliza, yule Mwarabu wa Ujiji, alijaribu na kurudishwa. Lakini pembeni ya ziwa, kwenye tambarare, watu hao walikaa wakauza samaki, chumvi na nguo.

Mwisho wa karne ya 19 Wajerumani walijenga kituo cha jeshi hapo, wakapaita Usumbura. Walikuja na askari wao waliozungumza Kiswahili, na kazi za serikali zilifanyika kwa Kiswahili. Mwaka 1916 Wabelgiji waliwafukuza Wajerumani, wakaifanya Usumbura makao makuu ya Ruanda-Urundi. Mji ukakua, na Mbelgiji alipenda kila mtu akae mahali pake: Wazungu juu, kwenye hewa nzuri, Wahindi, Waarabu na Wagiriki karibu na maduka, Waafrika kwenye mitaa yao miwili, Bwiza na Buyenzi. Bwiza watu wazima bado wanaiita "Belge". Buyenzi ilikuwa kijiji cha Waswahili. Barabara zilichorwa zimenyooka kama mistari ya daftari, zikapewa namba tu. Bibi anasema walipewa namba kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba watu wale wangestahili majina. Sijui kama ni kweli, lakini amelisema hilo mara nyingi.

Kusini ya mji, Mugere, kuna jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya Novemba 1871. Tulipelekwa na shule tukapiga picha. Wale wawili walifika kwa mtumbwi kutoka Ujiji. Waliopiga kasia hawakuchongwa popote.

Sasa, huyo "Mswahili" wa Buyenzi ni nani? Nichukue lupango letu tu. Baba yake bibi alikuwa Mmanyema. Mama yake alikuwa Mrundi wa pande za Rumonge. Babu alikuja mjini kutoka Muramvya kutafuta kazi, akasilimu ili amuoe bibi, akapewa jina jipya, na nduguze wa mlimani hawakumsamehe kwa miaka kumi. Baba yangu ni wa Ngozi. Kwenye vyumba vya kupangisha vya nyuma kulikuwa na familia ya Wafulero kutoka Uvira, maana Uvira si mbali, unavuka Gatumba na umefika. Baada yao akaja fundi Mtanzania wa Kigoma. Mtaa wa pili kulikuwa na watu wa Afrika Magharibi wakiuza vitambaa, wanaongea Kifaransa cha kwao na Kiswahili cha kwetu, vyote kwa haraka. Mama mmoja Mkatoliki, mjane, alikaa chumba cha mbele. Siku ya Idi yeye ndiye alikuwa msimamizi wa sufuria ya pilau kwa sababu bibi hakumwamini mwingine yeyote na mchele. Krismasi sisi tulimchunga yeye asipike peke yake.

Kiswahili chetu walimu hawakukipenda. "Unaendaka wapi?" "Niko nakuja." Tunachanganya Kirundi, Kifaransa, Kibembe, chochote kilicho karibu. Wanafunzi wenzangu hapa wanaofuata sarufi ya Tanzania wananisahihisha, na mimi nawaacha, lakini ndicho Kiswahili ambacho bibi anagombana nacho na ndicho anachoombea dua. Burundi ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, ghafla watu wa mjini waliokuwa wakisema Kiswahili ni lugha ya wahuni wakaanza kutafuta mtu wa kuwafundisha watoto wao. Bibi alicheka siku nzima.

Kwa nini ya wahuni? Hilo nalo lina historia. Wakati wa Mbelgiji, shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari. Mzazi Mwislamu aliogopa kumpeleka mtoto arudi amebadilishwa dini, na mwalimu naye hakuwa na hamu naye sana. Kwa hiyo kalamu za ofisini zilienda kwa wengine. Watoto wa Buyenzi walishika usukani, spana, cherehani na mizani. Ndiyo maana mpaka leo ukiharibikiwa na gari Bujumbura unaambiwa nenda Buyenzi. Avenyu nzima ni gereji. Hakuna jengo, gereji ni barabara yenyewe: gari limewekwa juu ya matofali, miguu ya fundi imetokea chini, oili imefanya udongo kuwa mweusi mpaka mvua ikinyesha maji yanapita juu bila kuingia. Kuna mtu wa vioo tu. Kuna mtu wa taa tu. Kuna mtoto ambaye kazi yake ni kukimbia kutafuta piesi kutoka avenyu moja mpaka nyingine na kurudi na bei tatu. Nilifanya kazi hiyo wakati wa likizo, nikiwa na miaka kumi na moja. Nilijua Toyota kwa sauti kabla sijajua jedwali la saba.

Watu wa kartiye nyingine walisema Buyenzi ni wezi: ukiibiwa kioo cha gari usiku, asubuhi unakinunua mwenyewe Buyenzi. Basi. Lilitokea. Lakini waliosema hivyo ndio walikuwa wanunuzi.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana shuleni. Mwana wa mfalme, Louis Rwagasore, alipoanza kujenga siasa ya uhuru, alianza na ushirika wa wafanyabiashara mwaka 1957, na watu wa Buyenzi walikuwa kati ya wa kwanza kumfuata. Walikuwa na pesa kidogo, walijua habari za TANU ng'ambo ya ziwa, na hawakuwa na padri wa kuwaambia waogope. UPRONA ilishinda uchaguzi Septemba 1961. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo Rwagasore alipigwa risasi akafa. Bibi alikuwa msichana. Anakumbuka wanaume wazima wamekaa chini barabarani, kwenye vumbi, na hakuna aliyewaambia wainuke. Uhuru ulipokuja tarehe 1 Julai 1962, anasema, walicheza ngoma lakini kila wimbo uliishia kwa jina lake.

Miaka iliyofuata mnaijua, au mnajua vipande. Mwaka 1972 watu walichukuliwa, Wahutu waliosoma na hata wasiosoma, na wengi wakakimbilia Tanzania. Mwaka 1993, Oktoba 21, Rais Ndadaye aliuawa, na baada ya hapo Bujumbura ilianza kukatwakatwa. Kamenge Watutsi waliondoka, au hawakuondoka na wakafa. Ngagara na Musaga na Nyakabiga Wahutu hivyohivyo. Mji ulikuwa na mipaka ambayo hakuna aliyeichora lakini kila mtoto aliijua. Mto Ntahangwa, ambao siku za kiangazi unauvuka bila kuvua viatu, ulikuwa mpana kuliko ziwa.

Machi 1995 moto ulifika Bwiza na kwetu pia. Sitasema Buyenzi ilikuwa peponi, maana kuna watu walikufa kwenye avenyu zetu na wengi walikimbilia Uvira, hasa Wakongomani, wakati ule wakiitwa Wazairwa. Ninachosema ni kwamba baadaye, wakati kartiye nyingi zilibaki na kabila moja, Buyenzi ilibaki imechanganyika. Nimemuuliza bibi ilikuwaje. Nilitegemea aniambie kuhusu imani au mapenzi. Aliniambia kuhusu milango. Malupango ya Buyenzi yamebanana, ukuta wangu ni ukuta wako, na watu walitoboa njia nyuma, kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, ili mwanamke aliyeishiwa chumvi usiku asilazimike kuzunguka barabarani. Vijana wenye silaha walipokuja kwa barabara, waliotafutwa walikuwa wameshapita uwanja wa tatu. Waliowatafuta hawakuzijua njia. "Na waliozijua?" nikamuuliza. Akakaa kimya kidogo. "Waliozijua walikuwa na madeni kwetu," akasema, "na sisi tulikuwa na madeni kwao. Unamuuzaje mtu anayekudai?"

Nimelifikiria sana jibu hilo. Wageni wanaokuja kutufundisha amani kwenye semina, na nashukuru kwa soda, hawajawahi kuuliza kuhusu madeni.

Mimi nimezaliwa baada ya hayo. Kumbukumbu zangu ni za mji ulioanza kupumua. Baba na redio siku za Vital'O, na mwaka 2013 walipobeba kombe la Kagame huko Sudan tulizunguka na masufuria mpaka koo zikakauka. Mukeke wa kukaanga, ndagala kwenye gazeti. Na mwaka huohuo 2013, Jumapili tarehe 27 Januari, soko kuu liliungua.

Mama alikuwa na meza ya vitenge ndani. Asubuhi tuliona moshi mweusi umesimama juu ya mji kama mti. Alikimbia na kanga moja, hakufunga hata mlango. Alirudi saa nane mchana, ameketi kwenye kiti cha fundi, uso una masizi, hakulia. Alikuwa amechukua mzigo kwa mkopo wiki mbili kabla. Watu wengi wa Buyenzi walimalizika siku ile, soko lile lilikuwa shamba letu. Mama alirudisha deni kidogokidogo kwa kuuza maandazi. Alikuwa amebakiza sehemu ya mwisho mwaka 2015 ulipofika.

Kuhusu 2015 nitapita haraka, wenzangu wameshaandika vizuri. Maandamano yalianza tarehe 26 Aprili. Kitovu chake kilikuwa Musaga, Nyakabiga, Cibitoke na kwingineko, sisi hatukuwa katikati. Lakini risasi za usiku hazikai katika kartiye moja, na baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 13 Mei vijana walianza kutafutwa nyumba kwa nyumba. Kaka yangu mkubwa alikuwa na miaka kumi na tisa. Hilo linatosha kueleza kwa nini tuliondoka. Tulipita Rwanda kwa basi, bibi, mama, kaka, mimi, na mdogo wetu akiwa mgongoni. Baba alisema atatufuata. Lupango likabaki kwa mjomba.

Wakati wa kusajiliwa, afisa mmoja alifika kwenye mstari wa kabila. Mama akasema, "Mswahili." Akaambiwa Burundi haina kabila hilo, aseme Mhutu au Mtutsi. Mama akaeleza: baba yangu hivi, bibi yangu vile, mume wangu hivi. Nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali, na yule afisa hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka. Akaandika kitu. Mama hakuuliza ameandika nini na mpaka leo hatujui. Nyie mnaofanya kazi na fomu, nawaomba kitu kidogo tu: mtu akikupa jibu refu kwenye kisanduku kifupi, si lazima awe anadanganya. Watu wetu waliishi kwa jibu refu. Na wenzetu wengine huko nyumbani, wajukuu wa Wamanyema, wameambiwa wao ni wageni katika mji ambao babu zao waliuona ukiwa na nyumba chache za makuti.

Hapa Nakivale Kiswahili cha Buyenzi kilitulisha. Mama alianza na maandazi Base Camp, halafu viungo, kisha vitenge tena. Anazungumza na Mkongomani, Mnyarwanda, Msomali aliyejifunza kidogo, na hasimami kutafuta maneno. Mdogo wangu aliyekuja mgongoni sasa yuko shule, anaongea Kiingereza na Kinyankole, na mwalimu alipowapa kazi ya kuchora "home" alichora nyumba yetu ya hapa, yenye turubai na mti wa papai. Bibi alipoiona picha akauliza mlango wa nyuma uko wapi. Mtoto hakuelewa swali.

Turudi kwenye simu ya mjomba. Tusimfanye mtu mbaya. Amelinda lupango lile miaka yote, amelipa kodi, amefukuza watu wawili waliokuja na karatasi za uongo. Paa linavuja. Ntahangwa nao unakula kingo zake kila masika na watu wanaokaa karibu nao wanahama. Anasema: serikali imepeleka makao makuu Gitega, ninyi hamrudi, mimi nazeeka, tugawane kabla mto au mahakama haijatugawia. Kaka yangu anamuunga mkono. Ana hesabu zake: mgao umepunguzwa, fungu la mama lingemnunulia mashine mbili za kushonea, na yeye angelipa ada ya ufundi Mbarara. Siwezi kumwambia amekosea. Kwa upande mwingine kila mara tunasikia habari za kurudi nyumbani kwa hiari, na siku hiyo "hiari" ikibana, mtu asiye na lupango Buyenzi atarudi wapi? Hana mlima. Baba wa Ngozi hakutufuata, na nduguze hawatujui.

Bibi hajasema uza wala usiuze. Amesema tu kwamba hati ile ina jina la baba yake, na kwamba warithi wote lazima waweke saini, si mama na mjomba peke yao. Tukaanza kuwahesabu usiku ule, mimi na daftari. Mmoja yuko Kigoma, alivuka Kagunga mwaka 2015 na kubebwa na meli ya Liemba, kisha akaenda Nyarugusu. Wawili wako Mahama. Mmoja yuko Kanada na hubadilisha namba za simu kila mara. Mmoja alienda Uvira mwaka 1995 na watoto wake sasa wanaandikwa Wakongomani, huenda wengine wako hapahapa Nakivale, Juru au Rubondo, wakitusalimia dukani bila kujua. Na yule kaka yake bibi ambaye ananiita kwa jina lake aliacha mtoto mmoja, ambaye hakuna aliyemwona tangu 1972.

Tumefika kumi na mmoja. Mama amemtumia mjomba ujumbe wa sauti, dakika nne, akimsomea majina yote.